Tuta la Mvule

Mbegu sikuinunua. Popo aliidondosha
juu ya bati la choo, usiku wa mvua ya kwanza,
ndani ya kinyesi cheusi kilichonata kama lami.
Niliikwangua kwa kisu cha mboga.
Bihemo, mume wangu, akauliza kama nimeishiwa kazi.

Huku Simbo, bondeni kwa Luiche,
maji hayapiti, yanahamia.
Huja Desemba, hukaa kizingitini,
huondoka Mei yakiacha kambare mferejini
na mstari wa tope ukutani, juu kidogo ya goti.
Kila mwaka nauandikia tarehe, kwa mkaa.

Mvule haupendi kusimama majini.
Unataka unyevu, hautaki kuzama. Nani anataka?
Basi nikaujengea tuta:
makarai mia na kumi ya udongo wa kichuguu,
pumba za mpunga, majivu, makapi ya mawese
aliyonipa Mama Ntakije bure, kwa sharti moja,
nisimwambie mtu kwamba anagawa vitu bure.
Tuta likanifika kiunoni.
Watoto wa njiani wakasema ni kaburi.
La nani?
La akili zake.

Jirani yangu Gwasa alipanda mikaratusi, miche mia mbili.
Inakunywa hii, alisema, miaka mitano bonde kavu,
unauza nguzo, unajenga.
Hakusema uongo. Mikaratusi yake ilipanda
kama watu wanaowahi treni,
na alijenga kweli, vyumba vitatu.
Wangu, mwaka wa kwanza, ulikuwa na majani manane.

Mwaka wa pili majani yakafura vinundu.
Mdudu mdogo kuliko punje ya chumvi ya Uvinza
alijijengea nyumba ndani ya jani,
ncha ikanyauka, ikaoza.
Sikulia. Nilitukana,
tena kwa Kiha, Kiswahili hakikunitosha.
Kisha nikaikata ncha, nikapaka majivu,
nikahamishia migomba miwili ubavuni mwake,
maana mti wa kivuli nao, utotoni, unahitaji kivuli.
Hilo hakunifundisha mtu.

Bihemo alifariki mwaka wa sita.
Tulimpandisha mlimani, kwenye kokoto na jua.
Huku chini kaburi halichimbiki;
unachimba, unapata kisima.
Niliporudi nililitazama tuta kwa muda mrefu.
Kila kiangazi nimeliongeza. Siku hiyo
nilipeleka karai moja, nikaishia hapo.

Mwaka wa saba maji yaliipita mistari yangu yote,
yakasimama chini kidogo ya dirisha.
Vyumba vitatu vya Gwasa vikawa mabwawa matatu.
Alfajiri, juu ya tuta, tulikuwa:
cherehani yangu, mbuzi wake watatu, kuku wasiojulikana wa nani,
mimi, na Gwasa mwenyewe,
mgongo ameuegemeza shinani.
Mvua ilikatika. Chini ya mvule ikaendelea
robo saa nzima, tone kwa tone, kisogoni mwake.
Nilimngoja aseme neno.
Akasema, Unavuja.

Mvule. Litamke jina polepole
utasikia mvua ikianza
na kivuli kikiimalizia.

Sasa una miaka kumi na minne.
Nikiukumbatia mikono haikutani.
Nashonea pale sare za shule, saa sita mchana,
na sindano naiona bila kukunja uso.
Lakini mvule una dume na una jike,
na huu wangu bado haujasema.
Ukiwa dume, ndiyo basi, hakuna tunda.
Ukiwa jike, popo watajua kabla yangu.

Kwa hiyo kila Novemba, kabla ya chai,
naegemeza ngazi ukutani mwa choo,
napanda, magoti yakilalamika,
nakagua bati.